Mama wa Kufukuza Ndege

Mama anayefukuza ndege katika shamba la mpunga, nje kidogo ya mji wa Baraka, hukaa juu ya bidoni, dumu la maji la manjano lililopasuka ubavu. Ndege wakitua, huchomeka bonge la udongo kwenye ncha ya fimbo na kulirusha bila kusimama, huku akipiga kelele moja tu: "Hooo!" Kelele hiyo imemla sauti. Nyumbani huwaita wajukuu kwa kupiga makofi, na kanisani hufungua kinywa tu wenzake wakiimba. Mwenye shamba anakaa kule kilimani, na masikio yake yako huku. Kelele zikikatika, anashuka. "Mama, hata bantu benye kuiba ubafukuze!" alimwambia wiki iliyopita mbele yangu. "Mupunga yangu inaisha." "Ndiyo, patron," akajibu, akiendelea kuviringa udongo kiganjani.

Jana nilipita pale nikitoka kufua ziwani. Upande wa barabara, mwanamke wa kambini, mkimbizi wa Burundi, alikuwa ameinama na mtoto mgongoni, akikata masuke harakaharaka na kuyatia ndani ya kitenge. Yule mama alimwona, nilimwona akimwona. Akageuza bidoni yake, akampa mgongo, akapiga kelele kuelekea upande wa pili, mara tatu, mara nne, mpaka akakohoa na kushika koo. Kule hakukuwa na ndege hata mmoja.

"Bandege beko bengi leo," akaninong'oneza. Kisha akavuta pumzi, akaanza tena.