Dakika Thelathini na Tano na Mama Mkwe

Jamani, hii aibu nilitaka kufa nayo, lakini shemeji yangu ameshaanza kuisambaza hapa Nakuru, afadhali muisikie kwangu kabla hajaitia chumvi zaidi.

Mama mkwe, anayekaa Eldoret, alikuwa na miadi ya kliniki ya macho Nairobi, na kwetu Wabukusu (hata sisi ambao babu zetu walikuja Nakuru na kazi ya reli, na Bungoma tunaiona Krismasi tu) mkwe hamgusi mama mkwe, haketi karibu naye, hata kumtazama usoni ni shida. Mke wangu Nekesa akashauri nimfuate huko, nimpeleke kwa gari, mama nyuma, mimi mbele. Nikajifanya msomi, nikatafuta kwa simu: Eldoret hadi Nairobi kwa ndege ni kama kilomita mia mbili na sitini, dakika thelathini na tano mmefika.

“Mila gani itaharibika kwa dakika thelathini na tano?” nikamwuliza.

Nikakata tiketi zote mbili kwa pamoja, kumbe hivyo ndivyo watu wanavyopewa viti ubavu kwa ubavu, na siku hiyo ndege ilikuwa imejaa, hakuna pa kuhamia.

Mama akajifunika leso, akageukia dirisha. Mimi nikabana mikono katikati ya magoti, macho kwenye saa (sikuwa nimewahi kupanda ndege, na hilo sikumwambia mtu). Rubani akatangaza kwamba Nakuru iko chini yetu, nikatamani kushuka. Dakika ya thelathini na tano ikafika, nje ni mawingu tu. Ya arobaini. Ya hamsini, ndege inapinda, inapinda tena upande ule ule, na mimi hesabu yangu imeisha, kwa hivyo nikajua mafuta nayo yameisha. Niliogopa, jamani, sitawadanganya, nikawaza Nekesa akiambiwa mume na mamake wamekufa pamoja kwa sababu ya ujuaji wangu.

“Dada, tumepotea?” nikamwuliza mhudumu.

“Hapana, boss. Kuna mvua Nairobi, tunazunguka tukingoja kutua.”

Hapo hapo ndege ikadondoka (baadaye niliambiwa ni hewa tu, kitu kidogo), na mikono, sijui iliambiwa na nani, ikamkumbatia mama mkwe shingoni. Nikaficha uso kwenye leso yake nikilia, “Mama, usiniache! Mama, nakufa!”

“Mathe, mshike vizuri huyo mtoto wako!” mzee mmoja wa nyuma akasema, na watu wakacheka.

Yeye hakunisukuma. Aliweka mkono kichwani pangu akaanza kuomba kwa Kibukusu, polepole, mpaka magurudumu yakagusa chini. Kisha akamwita yule mhudumu, bila kunitazama.

“Mwambie mkwe wangu tumefika. Aniachilie.”

Shemeji alikuja kumchukua uwanjani, na tangu siku hiyo mama hajakanyaga kwangu. Wazee wamesema lazima kondoo achinjwe ndipo tukae sawa, nami nimeshamnunua mmoja kule Dundori, tunangoja mama ataje siku. Mimi na ndege basi, na hesabu za simu basi. Chekeni tu, nimezoea. Kinachoniuma ni kwamba yule mama alinishika kichwa nikidhani nakufa, na mila hainiruhusu hata kumkaribia nimwambie asante.