Alifungiwa leseni, akahamia mchangani

Saa tatu asubuhi, bahari inakupwa, maji yanatoka Bweni. Mbaraka Mkadam anatokea upande wa rasi, mzegazega begani, tenga moja la samaki likining'inia mbele na jingine nyuma. Anajitahidi kutembea haraka kwa sababu barafu haimsubiri mtu, lakini mchanga umelowa na kila hatua inazama.

Pale mchanga unapokutana na njia ya udongo imesimama pikapu nyeupe. Nyuma ya usukani amekaa shemeji yake, Tofiki, anatafuna muhogo wa kuchoma.

"Shemeji, ungeisogeza hata kidogo," anasema Mbaraka, akitua mzigo.

"Mchanga mie siujui. Ikizama utaitoa wewe?"

Mbaraka akishika usukani kuitoa, itakuwa kesi juu ya kesi. Anapakia matenga, anafuta jasho kwa pindo la shati, kisha anageuka kurudi alikotoka kufuata mengine.

Kwa zaidi ya miaka kumi pikapu hii ilikuwa mkononi mwake. Mwenye gari ni Bi Warda, mchuuzi wa samaki wa Kilindoni, na kazi yenyewe ni rahisi kuieleza: kuchukua samaki dagoni, yaani kwenye kambi ya wavuvi wageni iliyo nyuma ya rasi, na kuwafikisha mjini wakiwa na ubaridi wao. Njia ya gari haifiki dagoni. Huko watu hufika kwa miguu, kwa mashua au, maji yakitoka, kwa gari linalopita mchangani.

Leo Mbaraka, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, ni mpagazi wa gari alilokuwa dereva wake, kwa ujira usiofika nusu ya ule wa zamani. Leseni yake imefungiwa mwaka mzima. Juu ya hilo ana kesi mahakamani, akidaiwa kuendesha gari ilhali amefungiwa. Hukumu ni Jumatatu ijayo. Akikutwa na hatia anaweza kwenda jela, na usukani anaweza asiushike tena kwa miaka mingi.

Mwandishi wa makala haya alikwenda Bweni akitarajia kumkuta jeuri mmoja asiyejali mahakama. Alichokikuta ni mtu aliyechanganyikiwa, na hadi anaondoka kisiwani naye mwandishi alikuwa amechanganyikiwa vilevile.

"Nisaidie wewe uliyesoma," ndilo neno la kwanza la Mbaraka baada ya salamu. "Mchanga ni barabara? Niambie tu. Ndiyo au siyo?"

Mwandishi alikohoa, akaomba maji ya kunywa.

Kosa la kwanza Mbaraka halibishii. Mwaka jana, akikimbiza samaki Kilindoni, alimgonga Bi Kijakazi, bibi msuka mikeka wa Kirongwe, aliyekuwa akipita kando ya barabara na mzigo wake wa ukindu. Bibi alivunjika mguu. Mbaraka alimbeba mwenyewe hadi hospitali, akakiri mbele ya hakimu, akalipa faini na kukabidhi leseni.

"Nilikwenda mbio, nilikosa," anasema. "Pale sina la kujitetea. Hata wangenifungia miaka miwili ningesema alhamdulillahi, kwa kuwa bibi yu hai."

Tatizo lilianza baada ya hapo. Bi Warda alimwajiri Tofiki, dereva mwenye leseni safi, lakini Tofiki alikulia Miburani na udereva aliusomea mjini. Wiki ya kwanza aliizamisha pikapu mara mbili, mara ya pili maji yakiwa yanarudi, na wavuvi wote wa dagoni wakaacha nyavu zao kuja kuisukuma. Tangu hapo akaapa kutouvuka mchanga.

Ndipo Mbaraka akaja na wazo ambalo yeye anaapa lilikuwa la kuheshimu sheria. Tofiki ataendesha kwenye udongo, yeye mchangani.

"Tulibadilishana pale pale unapopaona," anasema, akionyesha kwa kidevu. "Tofiki anashuka, napanda mie, magurudumu yote yameshagusa mchanga. Nikirudi na mzigo nasimama kabla ya udongo, nashuka, anapanda yeye. Wallahi, hakuna tairi lililogusa njia mie nikiwa nimeshika usukani. Ningekuwa mkorofi ningehangaika hivyo?"

Kwa mgeni hili linachekesha. Kwa mtu wa Bweni halichekeshi hata kidogo. Mchanga unaofunikwa na maji hapa hauna mwenyewe. Hujengi, hulimi, hulipii ushuru. Karibu kila dereva wa huku alijifunzia hapo, akizungusha gari la mjomba au la tajiri wake, kabla hajaijua leseni ilivyo. Hakuna anayekumbuka mtu kuulizwa karatasi yoyote akiwa chini ya mstari wa mwani.

"Mwanzoni nilimsifu, nikasema huyu bwana ana akili," anasema Bi Warda, dukani kwake Kilindoni. "Sasa naambiwa hata mimi mwenye gari nijiangalie. Sijui nicheke, sijui nilie. Watu wamekula samaki wale, wakashiba, leo kila mmoja ananitazama kama niliwaibia."

Namna alivyokamatwa ndiyo inayomuuma zaidi, maana kusema kweli hakukamatwa. Alijipeleka.

Siku hiyo kulikuwa na maziko katika kitongoji kilicho nyuma ya rasi. Miongoni mwa waliokuja kuzika alikuwa Afande Mansuri, askari wa usalama barabarani, ambaye marehemu alikuwa mjomba wake. Alikuwa amevaa kanzu na kofia, hana hata filimbi. Alifika mwisho wa njia ya udongo na kukuta pikapu iko tayari kuingia mchangani.

"Nikamwamkia, shikamoo afande. Akaitika, marahaba. Nikamwambia panda afande, usije ukailoanisha kanzu," anasimulia Mbaraka.

Afande akapanda. Walipofika katikati ya madimbwi akauliza mbona dereva ameshuka na kuachwa kule nyuma.

"Nami nikamweleza, bila ya wasiwasi wowote. Nikamwambia afande, mie nimefungiwa, kwa hiyo njiani anaendesha Tofiki, mchangani naendesha mie. Akanyamaza. Nikadhani anamuwaza marehemu."

Afande alizika kwanza. Aliitikia dua hadi mwisho, akawapa mkono wafiwa wote. Baadaye akamvuta Mbaraka pembeni.

"Akaniambia, Mbaraka, hilo ulilonieleza garini siwezi kujifanya sikulisikia. Kesho njoo kituoni. Nikaenda kwa miguu yangu, nimechana nywele. Nilidhani nakwenda kueleza tu, nirudi."

Mansuri hakutaka kuzungumza na mwandishi kwa kuwa kesi ingali mahakamani, na hilo linaeleweka. Lakini alipotoa ushahidi, waliokuwapo wanasimulia hadi leo. Mbaraka, asiye na wakili, aliruhusiwa kumuuliza maswali.

"Afande, nilipokwambia nimefungiwa, mbona hukushuka?"

"Tulikuwa katikati ya maji," akajibu afande, na watu wakacheka mpaka karani akagonga meza.

Mwendesha mashtaka alishikilia kwamba mahali popote panapopitwa na watu na magari ni barabara, pawe na lami, pawe na tope. Mbaraka akajibu kwamba hapo hupita pia mashua na papa, na hakuna aliyewaomba leseni. Hakimu hakucheka. Aliamua kwenda kupaona mwenyewe.

Siku ilipangwa vizuri, siku ya bamvua, maji yanapotoka kuliko kawaida, saa nne asubuhi, wakati mchanga umetandazika hadi mbali. Ila njia ya kwenda Bweni haikuisoma ratiba hiyo. Gari la msafara lilipata pancha, tairi la akiba likapata pancha nalo, na jeki ikaazimwa kijiji cha mbele. Waheshimiwa walifika alasiri, wamejaa vumbi, maji nayo yamejaa hadi kwenye mizizi ya minazi.

"Liko wapi eneo la tukio?" akauliza hakimu.

Mbaraka akanyoosha mkono. "Ndilo hilo, mheshimiwa."

"Hiyo ni bahari."

"Ndivyo ninavyosema tangu mwanzo, mheshimiwa."

"Asubuhi lilikuwapo," akadakia mwendesha mashtaka, na inasemekana hata yeye mwenyewe alitabasamu.

Hakimu alisimama pale muda mrefu, viatu mkononi, akiyatazama mawimbi. Kisha akasema amekwishaona alichokiona, na akapanga siku ya hukumu. Ameona nini, hakuna anayejua.

Tangu siku ile Bweni imegawanyika. Kwenye kijiwe cha gahawa wapo wanaosema serikali ikiushika mchanga leo, kesho itaweka taa za kuongozea magari kwenye miamba. Wapo wanaosema Mbaraka alijitia ujanja. Haruni, nahodha wa dagoni aliyekuja msimu huu na wenzake, ana hoja yake. "Ikiwa ile ni barabara, basi hufungwa mara mbili kila siku na hatujapata kutangaziwa," anasema.

Shufaa, mke wa Mbaraka, amechoka na hoja. Anasuka makuti mlangoni kwake na hainui kichwa anapozungumza.

"Kila mtu ana jibu. Anayetaka gari lipite anasema si barabara, aliyemkasirikia mume wangu kwa jambo jingine anasema ni barabara. Mie nataka nijue Jumatatu nipike chakula cha watu wangapi."

Mwandishi akaona kuna mtu mmoja ambaye hajaulizwa na yeyote. Akaenda Kirongwe.

Bi Kijakazi anatembelea mkongojo sasa. Mikeka bado anasuka, ila ukindu huletewa, hawezi tena kuufuata. Kila Ijumaa Mbaraka humpitishia kitoweo, na yeye humwombea heri. Alipoulizwa juu ya kesi ya mchanga alimwangalia mwandishi kama anayemwangalia mtoto aliyepotea sokoni.

"Nasikia wanabishana. Mwanangu, mie haukunigonga mchanga, wala haikunigonga barabara. Alonigonga Mbaraka. Walipofungia, mie nilijua kafungiwa Mbaraka."

Hana chuki, alisisitiza. "Yule kijana ana huruma. Lakini nikisikia gari, hata liwe mbali, moyo wanikimbia. Basi akae kidogo bila ya usukani. Mwaka si mwingi."

Maneno hayo mwandishi aliyafikisha Bweni jioni ile. Alisitasita kuyasema, kwa sababu Mbaraka alikuwa ndiyo kwanza ametua mzegazega na bega limemvimba. Aliyasikiliza yote. Halafu akachezea kamba ya tenga, akiifunga na kuifungua.

"Kuna kitu sijamwambia mtu," akasema hatimaye.

"Mbaraka," akasema Shufaa, mikono yake ikisimama juu ya kuti. "Mgeni ni mtu wa gazeti huyo."

"Najua. Si siku ya maziko, siku nyingine, naendesha mchangani. Maji yalikuwa yameanza kurudi, nami nina haraka. Wanawake walikuwa wanachokoa pweza, wameinama, wamenipa migongo. Nikawapigia honi. Wakatawanyika. Mmoja akaangusha ndoo yake."

Shufaa akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu mwandishi afike. "Ndoo ilikuwa yangu. Nilijua unanisalimia, nikaja kupunga mkono nawe umeshapita."

"Sikuwa nakusalimia, mke wangu. Hata sikukutambua. Nilitaka mnipishe njia."

Kicheko kikaisha. Mbaraka akamgeukia mwandishi, uso wake si wa mtu mwenye hila, ni wa mtu aliyekutana na jambo lake mwenyewe akalishangaa.

"Mtu hupigia honi watu wampishe njia pasipo na njia?"

"Nani kakuuliza habari ya honi?" akasema Shufaa, sauti imempanda. "Askari hajui. Hakimu hajui. Kwa nini ujifunge kwa mdomo wako?"

"Ndiyo hivyo, hakuna aliyeniuliza. Wote wameniuliza habari ya mchanga, nami nimewajibu habari ya mchanga. Ningekuwa nimekukanyaga wewe siku ile, ningesimama nikasema haikuwa barabarani?"

Shufaa alilivuta kuti, akaliweka chini tena.

Mbaraka anasema hajui kama mchanga ni barabara, na pengine hatajua hata akisomewa hukumu. Anaogopa jela, hafichi. Anachokiomba ni kupata leseni yake siku moja, aende Kirongwe taratibu, ashuke, amwambie Bi Kijakazi apande mbele ampeleke akakate ukindu wake mwenyewe, kama bibi atakubali.

Mwandishi alimuuliza kama habari ya honi aiandike au aiache.

"Andika," akasema. "Gazeti huku hufika limechelewa. Mpaka litue, nitakuwa nimeshamwambia hakimu mwenyewe."