Si Mashini Iliyoandika Jina Lile

Ni mimi. Nianze hapo, maana nimezunguka na neno hili kifuani miaka mingi na sasa sina nguvu tena ya kulibeba. Watu wa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, walisema ni mashini. Wakasema ni mjukuu wangu Furaha. Uongo! Ni mimi, kizee mwenye kukaa mlangoni na kusalimia kila anayepita kwa jina lake na la baba yake.

Siku tulipoanza tulikuwa watano ndani ya atelie ya ushonaji. Furaha, mtoto wa binti yangu marehemu Nsimire, niliyemlea tangu tulipotoka Bukavu. Byamungu, fundi wa suruali, jirani yetu, mtu wa mdomo. Chikondi, Mmalawi mwenye duka la nguo Area 47 kule Lilongwe, yeye njo alikuwa anatuletea kazi. Mimi, Koko, ndivyo kwetu wanavyoita babu au bibi. Na mama mmoja mshonaji, kitoto chake cha kike kinalala chini ya meza. Huyo nitamwita Mama Rehema. Si jina lake. Wala si lile alilolitumia kambini. Mnivumilie.

Tulishona kanzu za kwaya na yunifomu za shule. Zamani vipimo viliandikwa katika daftari, daftari likipotea tunaanza upya. Kanzu ikirudi imepasuka kwapa, kila mtu anasema, "Mi sikushona hiyo."

Furaha alikuwa amejifunza kompyuta hapo kambini. Akatengeneza lojisieli, ile programu ya kupanga kazi: nani ameagiza, mabega yake mapana namna gani, nani anashona, itakuwa tayari siku gani. Ikimaliza inachapa kakadi kadogo ka kufunga na pini kwenye kola, kanasema nguo imeshonwa na nani.

Chikondi alipiga makofi, akashukuru kwa Kichewa. "Zikomo kwambiri! Wateja watapenda. Watajua mtu, si nguo tu."

Na kweli walipenda! Area 47 wakaagiza, Mchesi wakaagiza, mpaka kanisa moja la Mponela. Umeme ukikatika, Furaha anakaa mbele ya kile kioo cheusi ameshika kichwa. Ukirudi, anaanza tena. Mi nilimtazama nikasema moyoni, huyu mtoto atatutoa hapa.

Sasa sikilizeni vizuri. Furaha alipopanga nafasi za kujaza, aliweka jina la mshonaji, jina la baba, na mahali alikotoka. Kushona kola kunahitaji jina la baba? Hakuna aliyeuliza. Sisi wakimbizi kila dirisha tunaloendea linatuuliza hayo hayo. Tulizoea kuona karatasi isiyo na jina la baba si karatasi.

Furaha akaniambia, "Koko, weye njo kompyuta ya kwanza ya hapa. Kaa pembeni yangu. Batu banataja majina, weye unakosoa."

Yoo, nilivyojiona mtu! Byamungu akataja jina la baba yake, nikamkosoa. Alikuwa ametaja la baba mdogo aliyemlea.

"Koko, kumbe unanijua kuliko mama yangu!"

"Na mama yako namjua. Alikuwa na mdomo kama wako."

Ikafika zamu ya Mama Rehema. "Andika Mama Rehema tu," akasema.

Nikacheka. "Mama Rehema njo jina? We si mtoto wa..."

Akanikanyaga mguu. Kwa nguvu!

Baadaye akanifuata bombani. "Koko, unanijua."

"Nakujua. Baba yako aliniuzia chumvi soko ya Kadutu. Dada zako wote nawajua, kuanzia mkubwa."

"Basi usinijue." Akanishika mkono. "Iko batu ba kule bananitafuta. Mi niko na mtoto, Koko."

Nikaapa. Mkono kifuani, jina la Mungu mdomoni, nikaapa!

Furaha alimwachia nafasi zake wazi, hakumsumbua. Lakini ile programu ilikuwa na tabia moja. Mshonaji ambaye nafasi zake zimejaa, mstari wake ni kijani. Asiyejaza, mstari unabaki mwekundu. Wote wakawa kijani, mmoja tu mwekundu.

Byamungu kila asubuhi anapita pale. "Koko, kile chekundu ni cha nani? Jina moja limekushinda? Kumbe uzee umefika!"

"Funga mdomo, we mpima matako ya batu."

Wanacheka, na mi nacheka. Lakini ndani naungua. Jina nalijua! Naligeuza mdomoni kama mbegu ya chungwa, siwezi kulitema.

Siku moja Furaha alikwenda Lilongwe kupeleka nguo, wengine walikwenda kupanga mstari wa unga. Nilibaki peke yangu, na mashini, yaani kompyuta, iko wazi. Neno la siri lilikuwa moja tu, sote tulilijua. Nina madarasa mawili ya shule, lakini herufi nazijua. Kidole kimoja. Jina lake la kweli. La baba yake. Kijiji chao. Nusu saa nzima! Mstari ukageuka kijani, na mi nikatabasamu peke yangu kama mjinga.

Nilijiambia, limeingia ndani ya mashini, nani atachungulia humo? Kakadi ka kwenye kola, kanakobeba hayo yote matatu, sikukafikiria. Mungu wangu, sikukafikiria! Na kesho yake Byamungu alipoona kijani akasema, "Koko hashindwi!" Furaha alikuwa na kazi nyingi, hakutazama.

Zikapita wiki. Mchana mmoja kabaza, ile baiskeli ya kubeba abiria, ikasimama mbele ya mlango wangu, akashuka mwanaume. Shati jeupe limepigwa pasi. Viatu havina vumbi, hapa Dzaleka! Akanisalimia kwa lugha ya kwetu kabisa, kwa adabu.

"Koko, natafuta dada yangu." Akataja jina. Lile la kweli.

Uongo ule niliujua papo hapo. Maana yule mzee wa chumvi alizaa mabinti watupu. Nawajua wote. Mvulana hakuwa naye hata mmoja.

Nikasema neno ambalo sikuwahi kulisema maishani. "Sikumbuki."

Akacheka polepole. "Kule dukani Lilongwe bananiambia Koko wa atelie anakumbukaka kila mutu." Akatoa kakadi mfukoni, akakaweka juu ya goti langu, taratibu. "Hii itakukumbusha."

Akaondoka bila haraka. Akakaa kibanda cha ng'ambo, akaagiza soda, uso wake umeelekea mlango wa atelie.

Nilipitia nyuma ya nyumba, nikaingia atelie. Mama Rehema alikuwa anashona mkono wa kanzu.

"Mwanangu, unatafutwa."

Akaona kakadi mkononi mwangu. Akasoma. Kusoma jina la baba yake kulimchukua muda mrefu.

"Nani aliandika hii?"

Hapa njo dhambi yangu. Ile ya kwanza ilikuwa majivuno, hii ni nyingine. Nilimtazama machoni nikasema, "Mashini, mwanangu. Ni mashini ya Furaha."

Hakulia. Alimwamsha mtoto, akamfunga mgongoni, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mkono wa kanzu ulibaki chini ya sindano, nusu umeshonwa. Nilipozunguka mbele, kile kiti cha kibanda kilikuwa kitupu. Soda ilikuwa imebaki nusu chupa.

Tangu siku ile sijamwona. Wengine walisema ameonekana Mponela sokoni, na mtoto mgongoni. Wengine walisema iko gari lilisimama njiani siku ile ile. Mimi ninayejua kila kitu, hili silijui.

Habari ya kakadi ikaenea, batu ba atelie bakamgeukia Furaha. "Umeuza majina yetu!"

"Mi sikuandika! Naapa!"

"Basi onyesha nani," Byamungu akasema.

Furaha akafungua programu mbele yetu sote. Ilijua mabega ya kila mtoto wa Area 47, lakini haikujua ni mkono wa nani ulioandika jina lile, maana sote tuliingia kwa neno moja. Akainama. "Nilijenga nyumba, nikawapa batu bote ufunguo moja," akasema.

Nami nilikuwa nimekaa pale pale, pembeni yake, kwenye kiti changu cha kukosoa majina! Sikufungua mdomo.

Kila mtu akabeba cherehani yake. Chikondi hakupiga simu tena. Furaha akafuta kila kitu ndani ya kompyuta, lakini zile kadi hazifutiki, ziko majumbani mwa watu. Mpaka leo, Jumapili kanisani, mkono wangu unaenda wenyewe kwenye kola ya aliyekaa mbele.

Furaha sasa anatengeneza simu Mchesi. Programu hagusi tena. Akija ananiletea sukari, anauliza lile lile: "Koko, weye unakumbukaka yote. Siku ile nani aliingia atelie?"

Namjibu, "Sikumbuki, mjukuu wangu."

Jamani! Nyinyi vijana mnaotengeneza mambo haya ya biashara, kazi ni nzuri, inalisha watu. Lakini msiulize kile ambacho kazi haikiombi. Kila mkono uingie kwa neno lake. Na nafasi ambayo mtu ameiacha wazi, iacheni wazi. Huenda amejificha humo na mtoto wake.

Furaha, haya yakikufikia, ni Koko wako aliyeandika. Sukari usilete mpaka utakapotaka mwenyewe.

Nanyi mliokuwepo, kama nimekosea jina la mtu yeyote hapa, nisahihisheni, kichwa kimezeeka. Moja tu msiliguse. Lile nimelikosea kusudi.