Roboti Asiyeamkia

Shaka iliyoninyima usingizi ni hii: wakiuanza upya mfululizo wa zile filamu za angani, roboti mpya atamwamkia nahodha? Katika nakala tulizokulia nazo Mji Mkongwe, zilizotiwa sauti ya Kiswahili, nahodha hakuingia chomboni bila roboti kumwambia, "Shikamoo." Nikaandika kwenye kundi la mashabiki kwamba watengenezaji wa sasa wataifuta adabu ile makusudi.

Dada yangu alicheka. "We nawe! Shikamoo ile kaitia mfasiri wetu. Wenyewe hata hawaijui."

Nikaanza kuushuku hata utoto wangu, na filamu mpya ilipotoka nusura nikatae kwenda kuitazama. Lakini ilipoonyeshwa Ngome Kongwe niliandamana naye. Nahodha mpya akaingia, roboti kimya. Basi nikamwamkia mimi, kwa sauti. Viti vya nyuma vikaitikia, "Marahaba!"