Taa za Misheni Zilizozima Kila Jumamosi

Enzi zetu umeme ulipandishwa mlima kwa kusukumwa. Wajukuu wangu wakisikia hivi wanacheka, lakini ninyi wa rika langu, mliokulia milimani juu ya Mbalizi miaka ya hamsini, mnanielewa. Hospitali ya misheni ilikuwa na injini ya dizeli, na lori la kutoka Mbeya liliishia darajani, maana kilima chetu hakikupandika kwa gari. Kuanzia pale mapipa ya dizeli yalikuwa kazi ya wanaume. Wawili walisukuma kwa mabega, mmoja akakinga kwa gogo lisirudi nyuma, na sisi watoto tulifukuzwa kila mara tusikae nyuma yao. Tuliipenda ile harufu ya dizeli, sijui kwa nini.

Masika moja pipa liliwaponyoka, likamvunja mguu baba mdogo. Alipona, ila hakulima tena sawasawa. Baba yangu naye alikuwa msukumaji. Tangu siku ile, honi ikilia darajani, mama aliacha anachofanya akakaa kizingitini mpaka baba arudi.

Ndipo fundi wa misheni, Mzungu mrefu tuliyemwita Bwana Kamba kwa sababu alipima kila kitu kwa kamba, akaamua tuchimbe mfereji kutoka mtoni, maji yashuke yazungushe mashine ya umeme. Wanaume walichimba kiangazi kizima, baba akiwa mbele kabisa. Maji yalipofunguliwa, taa za wodi zikawaka na injini ikanyamaza. Lo! Tulikuwa tumezoea kulala na mngurumo wake, tukakosa usingizi.

Tatizo likawa Jumamosi. Kila Jumamosi jioni taa zilififia, zikazima, injini ikawashwa tena. Bwana Kamba aliifungua mashine yake, akaisafisha, akaifunga. Jumamosi iliyofuata, giza. Mwishowe alikata tamaa, akasema ataagiza mapipa kama zamani. Baba aliileta habari hiyo nyumbani, na mama akaenda kukaa kizingitini, ingawa honi haikuwa imelia.

Kabla ya kuagiza, Bwana Kamba aliufuata mfereji kwenda juu, Jumamosi jioni, sisi tukiwa nyuma yake. Akawakuta akina mama wamebomoa kingo kwa majembe, maji yanamwagika kwenye maharage na vitunguu. Wa kwanza alikuwa mama yangu.

"Mama, mnafanya nini?"

"Tunamwagilia, Bwana. Kesho Jumapili."

Kwetu Jumapili hukushika jembe. Mzee wa kanisa akikuona, ulisimamishwa mbele ya watu. Kwa hiyo Jumamosi jioni kila mtu aliinywesha bustani yake ivumilie mpaka Jumatatu.

"Mimi nimechukua kidogo tu," mama akasema. Jirani yake naye kidogo tu. Na wa chini yake vilevile.

"Hicho kidogo chenu ndicho kinachonirudishia mapipa," akajibu Bwana Kamba.

Mama alishtuka, jembe likamtoka. Alipiga magoti akaziba tundu lake kwa mikono, kisha akateremka akifoka: "Fungeni! Fungeni nasema! Mnataka mume wangu avunjwe mguu kwa ajili ya vitunguu?"

Walibishana sana, maana maharage nayo yalikuwa chakula cha watoto. Mwisho wakakubaliana kumwagilia Jumamosi asubuhi, na kengele ya kanisa ikilia saa sita, kila mtu anaziba. Mama akajifanya askari wa mfereji, na jamani, hakuwa na huruma. Injini haikutupwa, kiangazi kikiwa kikali iliwashwa. Lakini honi ya lori tukaanza kuisahau, na baba akazeeka na miguu yake miwili.

Siku hizi nguzo zimefika hadi kwangu. Umeme ukikatika, wajukuu wanahangaika na simu zao, wanalalamika kwa watu wasiowajua, na wao hawajui umeme wenyewe unatoka wapi. Sisi taa zikizima tulijua ni mama nani, tulipanda hadi bustanini kwake, tukamwambia aache, na taa zikawaka. Nakaa nao gizani nasikiliza malalamiko yao. Natamani ningeinuka niende, ila sijui niende kwa nani.