Pilipili Kwenye Bwawa la Mama Lusajo

Kuna aibu ambazo mtu anazisimulia akicheka na wenzake wanacheka naye, na akimaliza kila mmoja ana ya kwake ya kuongezea. Hii yangu nimejaribu kuisimulia hivyo mara mbili, na mara zote mbili nimekwama mahali pale pale, kwa hiyo leo nitaieleza ilivyokuwa, nanyi wenyewe mtaamua kama inachekesha.

Kwanza mnijue nilivyokuwa. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, nimepunguzwa kazi ya utunza ghala katika chama cha ushirika (siku hizo kupunguzwa kulikuwa kama ugonjwa wa mlipuko, kila ukoo ulikuwa na mgonjwa wake), nimerudi Mwaya kulima mpunga na bustani ndogo ya kabichi, na nina daftari. Daftari ndilo lililoniponza. Shule niliishia darasa la saba, lakini nilikuwa nasoma kila karatasi iliyopita mbele yangu, hata zile za kufungia maandazi, na kijitabu chochote cha kilimo kikiniangukia mkononi nilikinakili chote, kisha nikaongeza majaribio yangu mwenyewe kwa tarehe na vipimo. Watu wakaanza kuniita mtaalamu. Mwanzoni walikuwa wananitania, baadaye wakasahau kwamba wanatania, na mimi nilikuwa nimeshasahau mapema kuliko wao.

Basi mwaka huo viroboto walituvamia. Nilikuwa na mbwa mmoja, jina lake Soko Huria (nilimwita hivyo kwa sababu aliingia jiko la kila mtu na hapakuwa na wa kumzuia), na hao viroboto walitoka kwake wakahamia kwenye mikeka, wakatoka kwenye mikeka wakahamia kwetu, mpaka mke wangu, Mama Tumpe, akasema ama mbwa atoke ama yeye atoke, na akataka jibu kabla ya Jumapili. Josho la ng'ombe, ambako zamani hata mbwa tulikuwa tunawachovya kwa kuibia, lilikuwa limekauka, maana dawa haikuletwa tena. Dawa za madukani zilikuwepo, tena Kyela mjini zilikuwa zimejaa kuliko wakati wowote niliowahi kuuona, ila ulikuwa ni unga mweupe ndani ya vifuko visivyo na maandishi, na ukimwuliza muuzaji ni dawa ya nini anakujibu, "Kwani wewe unataka iwe ya nini?" Nilikwisha kuona mtoto wa mbwa wa jirani akifa kwa unga kama huo, anatetemeka miguu yote minne tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nikaapa kwamba kwangu hautaingia, nitatumia vya shambani tu.

Na nilianza vizuri, hilo nijisemee. Nilichoma matandiko ya mbwa, nikafagia banda kila siku na takataka nikazitia motoni, sakafu nikaimwagia maji yanayochemka, mikeka nikaianika juani kutwa nzima, mbwa mwenyewe nikamwogesha kwa sabuni na kumchana kwa kitana juu ya beseni la maji ya sabuni, na nikawa nahesabu viroboto waliozama. Siku ya kwanza thelathini na wanane, siku ya nne kumi na tisa, siku ya nane kumi na mmoja. Mnaona wenyewe, njia ilikuwa inafanya kazi. Ilichohitaji ni wiki mbili nyingine za subira, na subira ndiyo kitu ambacho sikukiandika kwenye daftari.

Nikaenda kuchuma utupa. Kwa wasioujua, ni kichaka chenye majani ya manyoya laini, tunaupanda pembeni mwa mashamba. Ukiyatwanga majani yake maji yake yanaua kupe, yanaua viroboto, yanaua vidukari wa kabichi, na yanaua samaki. Wavuvi wabaya wanautumia kwenye vijito, wanautia juu wanakwenda kuokota chini. Hilo nilikuwa nalijua, tena nilikuwa nimeliandika ukurasa wa kwanza wa habari za utupa na kulipigia mstari.

Nilitwanga ndoo mbili. Moja ya mbwa, moja ya kabichi, na ile ya kabichi niliitia pilipili kichaa iliyopondwa na mbegu zake, kwa sababu nilikuwa nimeona vidukari wanaikimbia, na uvumbuzi huo nilikuwa nimeutangazia kijiji kizima mwezi mzima, kisimani, kilabuni na nje ya kanisa. Soko Huria nikamwogesha, akatulia. Kabichi nikainyunyizia nusu ndoo. Hapo wingu likawa limeshuka kutoka milima ya Livingstone, jeusi, na mjue mvua za kwetu hazipigi hodi. Nilikuwa nimebakiwa na nusu ndoo ya maji ya kabichi na maji yote niliyomwogeshea mbwa, na sikutaka kuyaacha uani kuku wakayanywa (hapo nilijiona mwangalifu sana). Shimo la taka lilikuwa hatua arobaini kutoka pale niliposimama. Mfereji ulikuwa hatua mbili. Nikamwaga mferejini, nikaingia ndani, nikaandika: "Mabaki yamemwagwa."

Sasa niwaeleze huo mfereji ulikwenda wapi. Ulipita nyuma ya nyumba yangu, ukashuka kwenye migomba, ukaingia kwenye bwawa la samaki la jirani yangu Mama Lusajo. Alikuwa mjane wa mwaka mmoja, na Jumamosi ya wiki hiyo ilikuwa siku ya kumaliza matanga ya mumewe, ndugu wanakuja mpaka kutoka ng'ambo ya mto Songwe, na perege wa bwawa lile ndio waliokuwa kitoweo chao. Bwawa lilichimbwa na mtu mmoja aitwaye Jonasi, Mkisi wa ziwani, mpole, mrefu, aliyekuja kijijini akiuza usipa, dagaa wa ziwa letu, wa kukaushwa na akabaki. Mama Lusajo alikuwa amemjengea kibanda pembeni ya bwawa alilinde, na alikuwa amemwahidi kwamba matanga yakiisha atamkatia kiwanja amlete mkewe. Watu hawakuwa wamelikubali jambo hilo wote. Wengine walisema mtu wa ziwani hakai mahali, wengine walisema mengine.

Asubuhi yake nikasikia yowe. Nilipofika, bwawa lilikuwa jeupe kwa matumbo ya samaki, wakubwa na vifaranga, na waliobaki hai walikuwa juu ya maji wakifungua midomo kama watu wanaotaka kuuliza jambo. Mama Lusajo alikuwa ameketi kwenye tope. Jonasi alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, anawaokota na kuwaweka kwenye beseni la maji safi, mmoja mmoja, na walikuwa wanafia humo.

Balozi wetu wa nyumba kumi akanisalimu kwa lugha ya kwetu, "Ugonile, mtaalamu. Tulikuwa tunakungoja wewe. Hii ni sumu ya dukani au nini? Kama ni ya dukani tuwafukie. Kama si ya dukani, mama huyu bado ana kitoweo, tuwabanike sasa hivi."

Mnaliona swali? Lilikuwa swali zuri, na mimi ndiye mtu pekee pale niliyeweza kulijibu. Nikainama penye mdomo wa mfereji, kwenye majani yaliyozuia takataka, nikachota mabaki yaliyonasa pale. Nikachagua kipande cha jani, nikakivuta ncha mbili mbele ya watu wote.

"Tazameni," nikasema, "jani la kawaida ukilivuta linakatika ovyo. Hili limechanika kama herufi V. Huu ni utupa. Tena haukudondoka wenyewe, umetwangwa kinuni, na wingi wake si chini ya ndoo moja. Mama, nyamaza. Samaki hawa wanalika, watoe matumbo, wabanike vizuri."

Wanawake wakashangilia. Mama Lusajo akanyanyuka akanishika mikono miwili akinishukuru, "Ndaga, tata, ndaga." Nami niliona raha, kwa nini niwafiche, niliona raha kama mtu aliyepasi mtihani.

Kisha kijana mmoja akasema, "Sumu ya dukani angeweza kuweka yeyote. Utupa ni wa wavuvi." Na wote wakageuka kumtazama Jonasi.

Mimi nami nilikuwa natazama chini, kiganjani. Katikati ya yale majani, mahali niliposambaza kwa kidole ili nichague kipande kizuri, zilikuwepo mbegu za pilipili. Tatu. Bapa, za njano, na moja ina kipande cha ganda jekundu.

Nikafumba kiganja.

Hapo ndipo ninapokwama kila nikisimulia. Mwanamke aliyekuwa karibu yangu aliniuliza, "Nini hicho kingine, Baba Tumpe?" nami nikajibu, "Takataka tu." Maneno mawili. Nilijiambia nitasema, ila niyapange kwanza vizuri, watu wanahitaji kuelezwa kwa utaratibu, mteremko wa mfereji, mvua ya jana. Nilikuwa napanga.

"Mama," Jonasi alikuwa anasema, hajatoka majini, "bwawa hili nimelichimba kwa mikono hii. Niliue ili iweje?"

"Ili uokote usiku ukauze sokoni Ipinda!"

"Nyinyi wa ziwani mkiona maji mnaona utupa!"

"Mtaalamu amesema ndoo nzima! Nani mwingine hapa ana kazi na ndoo nzima ya utupa?"

Mama Lusajo akamtazama Jonasi, akamgeuzia mgongo. Nadhani hilo ndilo lililomtoa majini. Alipofika ukingoni vijana walikwisha kuuangua wavu wake wa ziwani kwenye paa la kibanda, wavu mrefu ambao alikuwa anauunga mwenyewe kila jioni, wakautupa kwenye moto uliokuwa umewashwa kwa ajili ya kubanika samaki. Balozi alipiga kelele, "Jamani, tulieni! Tulieni kwanza!" lakini alipiga kelele akiwa amesimama, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake. Wavu wa nailoni hauwaki kama karatasi. Unajikunja, unadondoka matone meusi, unanuka. Tangu uingie motoni mpaka uishe ni muda ambao mtu angeweza kusema "Ni mimi" mara mia, akapumzika, akasema tena.

Wavu ulipokwisha ndipo alipofika Mama Tumpe na kisu chake na beseni, kuja kusaidia kupasua samaki. Hakuwa na habari ya lolote. Akainama mdomoni mwa mfereji kusuuza beseni, akatazama yale majani, akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu aliye jikoni kwake:

"Baba Tumpe, mbona humu kuna pilipili?"

Halafu bibi mmoja mzee, aliyekuwa na shoka la kuni begani, akasema taratibu, "Ni mvuvi gani huyo anayewatia samaki pilipili kabla hawajaiva?"

Mtu mmoja akacheka, wa pili akacheka, kisha wakacheka wote, na kicheko kile hakikuwa na furaha ndani yake, kilikuwa kama kikohozi. Kijana aliyeutupa wavu motoni ndiye aliyecheka kwa nguvu zaidi. "Mtaalamu! Hebu tuonyeshe tena hiyo herufi V!" Balozi akanishika mkono uliofumba. Hakunifungua vidole, alingoja tu. Nikafungua mwenyewe. Mbegu tatu zilikuwa zimeninata kwa jasho.

"Ulijua tangu lini?" akauliza.

"Tangu kabla ya wavu," nikasema. Sikuwa na jibu jingine lililokuwa sahihi.

Jonasi hakunitukana. Angenitukana ingekuwa nafuu. Aliingia kibandani, akatoka na mkeka na chungu chake, akamwambia Mama Lusajo, "Ubaki salama, mama." Mama Lusajo alimfuata mpaka barabarani akilia na kumshika nguo, anamwambia kiwanja kipo, na yeye anaitikia "Ndaga, ndaga," huku anatembea.

Jumamosi matanga yalimalizwa kwa samaki wale wale. Niliwekewa sahani kama watu wote. Nilikula ugali na chumvi.

Wiki ya tatu nilikwenda ziwani na uzi wa nailoni wa wavu mzima, begani. Nilimkuta Jonasi nyuma ya nyumba ya mamake, kati ya vyungu vilivyoanikwa. Nilikuwa nimeyaandika ya kumwambia, nikayasahau yote. Nikaweka uzi chini, nikasema, "Nimekuja kusema kwamba nilijua."

"Nilikuona," akasema. "Nilikuwa majini, nilikutazama mkono unavyofumba. Nikafikiri, huyu ni mtu mzima, ana daftari, sasa hivi atasema."

"Mama Lusajo anakuomba urudi. Kiwanja ameshakipima."

Akauchukua uzi, akavuta nyuzi chache, akapima nguvu zake kwa vidole. "Uzi ni mzuri," akasema. "Kwenu sirudi. Wale waliochoma wavu hawakuwa na hakika, mtaalamu. Walikuwa wanakutazama wewe."

Nilitembea kurudi mpaka Mwaya bila kupumzika. Kiwanja kile Mama Lusajo hakumpa mtu mwingine, ameotesha viazi vitamu. Viroboto wa Soko Huria waliisha kwa ufagio, jua na kitana, siku ya ishirini na mbili, kama daftari lilivyokuwa limeonyesha. Utupa bado naupanda, ni mmea mzuri, lakini mabaki nayabeba mwenyewe mpaka shimoni hata mvua ikinikuta njiani, na ndoo naisuuzia huko huko. Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Sehemu ngumu ni ile nadhiri nyingine, ya kwamba nikiujua ukweli niuseme ukiwa bado haujapangika, wenye kigugumizi, wa kunitia aibu, kabla mtu hajawasha moto. Nimeitimiza mara mbili tangu hapo. Mara zote mbili nilitetemeka.