Kuku Tuliyemchinjia Shujaa wa Gemu

Mjukuu wangu wa kwanza amepewa jina la mtu ambaye hakuzaliwa, hakulipa kodi, na amekufa mara nyingi kuliko ukoo mzima wa mume wangu. Ni shujaa wa gemu. Ana upanga mrefu kuliko yeye mwenyewe, nywele zimesimama kama za mtu aliyepigwa na umeme, na kifua anakiacha wazi hata kwenye barafu. Jina lenyewe sitaliandika. Mwenye nalo bado ananyonya, na sitaki siku moja aje aniulize kwa nini nilimtangaza kabla hajaota meno.

Nitaeleza tu lilivyoingia nyumbani kwangu, kwa sababu watu wa Busia wamekwisha kulieleza kila mmoja kwa namna yake, na sijasikia hata mmoja aliyepatia.

Mimi ni Msamia wa upande wa Kenya, nimeolewa Iyolwa, kule Tororo, na kwa zaidi ya miaka thelathini nimeishi Busia upande wa Uganda, karibu na mpaka. Nauza mashuka. Mume wangu alikuwa karani wa kuyajazia malori karatasi za forodha, na pia mzee wa kanisa. Alikuwa mtu wa tai. Hata akienda kuchota maji ungedhani anakwenda kusoma somo la kwanza. Alikufa mwaka juzi kwa presha, akaniachia nyumba iliyojaa ukimya na tai kumi na moja.

Sasa, kwetu Samia na kwao Iyolwa tunabishana juu ya mengi, lakini hili moja tunakubaliana: marehemu hurudi kwa jina. Mtoto wa kwanza wa kiume wa mwanangu alipaswa kulichukua jina la babu yake. Na bibi akishapata mjukuu mwenye jina la mumewe, humwita "mume wangu" mbele za watu bila haya. Humwambia, "Mume wangu, mbona leo hujaniletea sukari?" na watu wote hucheka. Niliwasikia wajane wenzangu sokoni wakifanya hivyo, na mimi nilikuwa najifanya nakunja mashuka. Nilitaka kumwita mtu mume wangu tena. Sikutaka kitu kingine kwa mtoto huyo, hata angefanana na ukoo wa mama yake kuanzia kisogo mpaka kisigino.

Kuhusu mume wangu, kuna mambo mawili ya kuyajua. La kwanza ni mkutano wa wazee wa kanisa. Ulifanyika kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Kanisa letu ni dogo, paa lake limevuja tangu nimelijua, na sikuelewa wazee walikuwa wanajadili nini kwa saa nne ikiwa hawajadili paa. Lakini alirudi jioni amelegea, uso laini, kama mtu aliyesali kweli, na mimi nikamshukuru Mungu. La pili ni vidole gumba. Vilimuuma. Alisema ni kazi ya kugonga mihuri. Nami, mke mwema, nilikaa kila Jumamosi jioni nikimchua vidole gumba kwa dawa ya kuchua, huku nikizilaani serikali mbili kwa kupenda mihuri. Haikunijia hata siku moja kujiuliza kwa nini viliuma Jumamosi, siku ambayo hakugonga muhuri wowote.

Siku ya maziko, kule Iyolwa, walikuja wanaume wasiojulikana: waendesha bodaboda, wabadilisha pesa, na dereva mmoja wa lori. Walisimama nyuma wakilia kwa sauti na kuita jina ambalo halikuwa la marehemu. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, hapendi fujo isiyo yake. Aliwaendea, akawaambia wamepotea, akawaelekeza kwa adabu kwenye matanga mengine kijiji cha pili. Wakaondoka wanalia. Mimi nilikuwa mkekani nimefunikwa kanga, sikusikia vizuri, nikadhani wamefuata chakula.

Basi mtoto akazaliwa. Mkwe wangu, binti mpole wa Buteba, alikuja kujifungulia kwangu, na siku ya tatu mtoto akaanza kulia. Alilia mchana, akalia jioni, akapumzika kidogo ili apate nguvu ya kulia tena. Kliniki walimpima wakasema hana ugonjwa. Wifi alipopigiwa simu alisema kliniki haijui kitu, mtoto anadai jina lake. Akaja siku hiyo hiyo na kitabu cha nyimbo kwenye mkoba na kututaka tutenge kuku.

Utaratibu ni rahisi. Mtoto analia, wakubwa wanataja wafu mmoja mmoja. Akinyamaza kwa jina, huyo ndiye aliyekuja, na hakuna rufaa. Tulisali kwanza, ili Yesu asije akadhani tunamzunguka, kisha nikaanza mimi. Nilitaja jina la mume wangu la ukoo. Mtoto akapiga kelele. Nikataja la ubatizo. Akajikunja kama ngumi. Nikataja hata lile la utotoni alilokuwa akiitwa na mama yake, ambalo alinikataza kulitumia, na mtoto akalia mpaka sauti ikakatika. Wifi akanipokea. Akamtaja babu, baba yake babu, mjomba aliyeangukiwa na mti, na mwishoni, kwa kunong'ona, yule mwizi wa ng'ombe ambaye ukoo haumtaji. Hakuna. Nilikaa chini. Nilikuwa nimemwita mume wangu mara tatu na hakuitika, na hilo liliniuma kuliko siku ya maziko.

Ndipo mwanangu akarudi kutoka kwenye kazi yake ya kutengeneza simu. Akamchukua mtoto, akainama, akamwambia neno moja sikioni. Mtoto akanyamaza papo hapo. Akapiga mwayo, akalala.

"Umemwambia nini?" wifi akauliza.

Mwanangu akalitaja lile jina kwa sauti.

"Huyo mutu ni ya ukoo gani?"

"Si wa ukoo wetu, shangazi."

"Lakini alikufa?"

Mwanangu akatazama sakafu. "Alikufa, shangazi. Mara nyingi."

Wifi akatikisa kichwa kwa heshima. Aliona ni mtu aliyeteseka. "Alikuwa nafanya kazi gani?"

"Kupigana."

"Basi ni askari. Ni ya Rubongi, ya pale kambini." Akafumba macho kidogo. "Nakumbuka yeye. Mutu murefu. Alikuwa nakula sana."

Mimi nilibisha. Nilisema mtoto alikuwa amechoka tu, kwamba angenyamaza hata kwa jina la sabuni. Wifi aliniangalia kama vile ninatukana dini. Nani aliyesema hakuna rufaa, si mimi? Kwa hiyo kuku akachinjwa, kuku wangu wa mayai, na kabla manyoya hayajaisha kunyonyolewa askari yule alikuwa amepata kaburi, mjane aliyeolewa tena, na kesi ya mpaka wa shamba. Wifi hasemi uongo. Hawezi tu kuvumilia maiti isiyo na ndugu. Nilikula paja langu huku machozi yananitoka, nikasema ni moshi.

Wiki chache baadaye nilikuwa nimekaa na mashuka yangu mpakani, akapita mchuuzi wa mabegi ya shule. Kwenye begi moja nikamwona askari wetu wa Rubongi: upanga, nywele, kifua wazi. Jina lake limeandikwa chini kwa herufi zinazowaka moto.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Eeh, mama, huyu hujui? Ni ya gemu. Watoto wanalia hii begi."

Nilimpigia mwanangu simu na kumwambia maneno ambayo mjane wa mzee wa kanisa hapaswi kuyajua. Nimechinja kuku wa mayai kwa ajili ya begi! Umemnyang'anya baba yako nafasi yake, ukampa katuni! Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mama, siwezi kukueleza," akasema. "Niliapa."

"Uliapa kwa nani?"

"Kwa baba. Lakini sikuapa kwamba sitakuelekeza. Vuka mpaka. Nyuma ya wauza viatu vya mitumba kuna kibanda chenye pazia la bluu. Uliza hapo."

Mtu wa Busia akitaka kutenda dhambi huvuka mpaka, na dhambi inakuwa ya nchi nyingine. Nalijua hilo, nimezaliwa upande wa pili. Hata hivyo nilisita kabla ya kulisogeza lile pazia. Nilikuwa nimejiandaa kukuta mwanamke. Nilikuwa hata nimevaa viatu vya kufaa ugomvi.

Nilikuta runinga sita na wanaume wazima kwenye mabenchi, wengine na makoti ya bodaboda, mmoja na kibunda cha pesa za nchi mbili amekikalia. Wote walikuwa wanabonyeza vidude vyenye vitufe. Kwa vidole gumba. Nilivitazama vile vidole vikikimbia, nikaikumbuka ile dawa ya kuchua.

Mwenye kibanda alisimama. Nilimtajia jina la mume wangu, la ukoo na la ubatizo. Akasema hamjui. Nikamweleza: mzee, mwembamba, tai. Akashika kichwa.

"Ai, mathe! Kumbe wewe ndiyo bibi yake?" Na akalitaja lile jina. La begi. La mjukuu wangu. "Hapa kila mtu tunamwita jina ya ule mtu wa gemu anachezanga. Mzee alikuwa anachagua huyo mmoja tu, miaka yote. Hatukujua jina ingine. Hata kwa mazishi tulikuja, tukaambiwa tumepotea."

Mabenchi yote yalikuwa yamegeuka. Yule wa pesa akavua kofia.

"Alikuwa hodari?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Hodari? Zii. Alikuwa anapigwa na kila mtu. Lakini alikuwa anacheka, mathe. Akiuawa anacheka mpaka anashika ukuta."

Niliishi na mtu huyo zaidi ya miaka thelathini na sikumwona akishika ukuta. Nyumbani alicheka kwa pua. Nilisimama pale na wivu, na si ule wa mwanamke mwingine, ambao ningejua la kuufanya. Niliwaonea wivu waendesha bodaboda. Walikuwa wamepewa kicheko chake, na mimi nikapewa vidole vya kuchua.

Mengine nilielezwa na mwanangu jioni, kwa kuwa siri ilikuwa imekwisha kutoka na kiapo hakikumfunga tena. Alikuwa na miaka kumi na tisa alipoingia kibandani kwa siri akamkuta baba yake kwenye benchi, tai imelegea. Hawakusemezana. Baba alisogea, akampa nafasi. Baadaye, njiani, wakaapishana. Mzee aliogopa kanisa kidogo, na mimi zaidi. Alisema, "Mama yako aliolewa na mtu wa heshima. Tusimharibie." Mwanangu akaniambia hivyo huku anacheka na kulia. Ni kweli, mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga tai.

Wifi sijamwambia mpaka leo. Amekwenda Rubongi mara mbili kutafuta kaburi, na mara ya pili anasema amelipata.

Usiku ule nilibaki ndani na mtoto. Hapana, nasema uongo, jua lilikuwa hata halijazama. Mimi ndiye niliyeona giza. Mtoto alikuwa kitandani ameanza kunung'unika, na mama yake alikuwa nje anaanua nguo. Nilimchukua. Tangu azaliwe nilikuwa namwita "wewe," au "huyu," kama mpangaji asiyelipa. Nikamfunika vizuri, nikaangalia mlangoni kwamba hakuna mtu, kisha nikamwita jina lake, lile la upanga na kifua wazi, kwa mara ya kwanza. Halikai vizuri mdomoni mwa mwanamke wa umri wangu. Akanyamaza, akanitazama.

Kidole gumba chake ni kidogo kama punje ya haragwe. Nilijikuta nakichua.

"Mume wangu," nikamwambia, "umerudi. Haya, mkutano wa wazee ulikuwaje?"